Bomba la Kwanza

Hadithi hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayebisha na aje tuapizane. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa ni mdogo, anajua kujificha, na kidole kimoja, hata kiwe kinene kama mchi, kitamsukuma tu huku na huku kichwani.

Katika hospitali moja kubwa, kwenye chumba chenye dirisha moja na sinki lililoiva rangi ya zambarau, alifanya kazi mama mmoja aliyeitwa Bi Hadubini. Kwa miaka thelathini na mmoja alichunguza kwa hadubini uboho, ute wa ndani ya mifupa, wa wagonjwa wa saratani ya damu, chembe moja baada ya nyingine. Inasemekana aliwahi kumnasa mwizi wa sukari ya ofisi kwa punje moja iliyobaki kwenye ndevu zake. Chumba cha pili kilikuwa cha bwana mmoja mwenye shahada mbili na mashine ya leza. Wenzake walimbandika jina la Kompyuta.

Mkuu wa maabara alitaka njia moja tu ibaki. Akaamuru wagonjwa arobaini wapimwe kwa njia zote mbili, ijulikane ni ipi inayogundua masalia ya ugonjwa baada ya matibabu. Atakayeshindwa afungiwe chumba.

"Mama," Kompyuta alimchokoza, "wewe unahesabu chembe mia tano na shingo inakuuma. Mashine yangu inapitia laki moja kabla hujafuta miwani."

"Inapitia unachoilisha, mwanangu. Ukiilisha uji itakuambia duniani hakuna mifupa."

Mgonjwa wa arobaini alikuwa fundi cherehani. Majibu ya vyumba vyote viwili yalikuja safi. Mkuu akatia saini barua ya kumsimamishia dawa, naye fundi akaketi kwenye benchi la nje, mkoba magotini, akiingoja kama anayengoja mtoto azaliwe.

Bi Hadubini alipita chumba cha pili kurudisha kalamu, akaiona chupa ya sampuli ya fundi. Akaiinamisha kwenye mwanga. Damu iliteleza ndani yake laini kama chai ya rangi. Uboho halisi huacha vipunje vya mafuta vinavyometameta, na humu hamkuwa na hata kimoja.

"Hii imetoka bomba la ngapi la sindano?"

"La tatu, kama siku zote. La kwanza si huja kwako?"

Bi Hadubini akaiweka chupa mezani. Uboho wenyewe huja kwa mvuto wa kwanza wa sindano; mivuto inayofuata huchanganyika na damu ya kawaida. Na ni yeye aliyedai bomba la kwanza, miaka mingi kabla mashine haijaletwa, na tangu hapo hakuna aliyeuliza. Mashine yenye macho makali ilikuwa ikilishwa mchuzi uliozimuliwa. Yeye mwenye uboho mzito hakuwa na macho ya kuona chembe moja mbovu kati ya elfu kumi.

Akaenda peke yake hadi ofisini kwa mkuu. "Barua hiyo haitoki."

"Nimeshasaini, mama. Au unaogopa kufungiwa chumba?"

"Kifunge. Ufunguo huu hapa." Akauweka juu ya barua. "Lakini ukimpa fundi karatasi hii kabla bomba langu halijapita kwenye mashine, nitakaa naye benchini nimweleze kwa nini majibu yake hayaaminiki. Na kosa langu nitalitaja kwanza."

Mkuu akamrudishia ufunguo. Barua ikarudi kwenye droo.

Kompyuta alichukua kilichobaki kwenye bomba la kwanza, akakitia dawa zake zinazong'aa. Mashine ikavuma. Vidoa vyekundu vikaanza kujikusanya pembeni mwa skrini: chembe mbovu thelathini na nane katika laki moja. Siku hiyo hakuna aliyemtania mwenzake.

Bi Hadubini alimwendea fundi mwenyewe. "Dawa inaendelea, shemeji."

"Si mlisema nimepona? Mnanirudisha kwenye dripu?"

"Nakurudisha. Nitukane, lakini unitukane ukiwa hai."

Alimtukana kweli, miezi saba mfululizo. Mwezi wa nane bomba la kwanza liligawanywa baina ya vyumba viwili. Kioo cha hadubini kikathibitisha kwamba uboho ni uboho, na mashine ikathibitisha kwamba chembe mbovu haimo hata moja. Ndipo fundi alipopewa barua yake, na vyumba vyote viwili vingali wazi.

Bi Hadubini aliposomewa habari hii alimkatiza msimulizi. "Hapo kwa mkuu umedanganya. Sikwenda peke yangu. Nilitaka kurudi njiani. Kompyuta alikuwa nyuma yangu ameshika chupa, na ndiye aliyenisukuma mlangoni."

Msimulizi hakuwa na pa kukimbilia. Amelipa faini ya soda mbili, moja ya mama na moja ya Kompyuta, na amekiri mbele yao wote wawili: kidole kimoja hakivunji chawa.