Hatua za Mzee Mwinyikai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa ya wenye njaa hiyo. Semeni kama mliokula. "Paukwa!"

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kando yake mto usio na daraja. Kila mvua ziliponyesha, mto ulihamisha mchanga wake. Palipokuwa na maji ya magotini, pakawa shimo. Aliyewavusha watu ni Mzee Mwinyikai, na upondo wake, fimbo ndefu ya mwanzi. Alitangulia yeye, watu nyuma wameshikana mikono. Chubwi! "Bismillahi." Kimya. Chubwi! "Bismillahi." Kimya. Hivyo hivyo mpaka ng'ambo.

Mwanawe Saburi alichoshwa na kimya kile. Jina Saburi, subira hana! Akaenda kufua vyuma, akaacha. Akaenda kupiga ngoma, akaacha. Watu wakimuuliza, "Utashika kazi gani, mwenzetu?" aliinamisha kichwa. Hakujua, na kutojua kulimuuma.

Mzee akafariki. Masika yakaingia. Asubuhi moja wanakijiji wakasikia ukelele kutoka ng'ambo: "Mwanaidi ana uchungu tangu jana! Mtoto amekaa vibaya! Leteni mkunga!"

Mwanaidi ni dada yake Saburi, ameolewa huko. Bi Mwanakheri, mkunga, alikuwa amekwisha kujifunga kibwebwe.

"Nani atanivusha?"

Saburi akautwaa upondo wa baba yake.

Akasimama ukingoni, akaomba dua ndefu. Akamshika mkunga mkono, akajitosa. Chubwi, chubwi, chubwi, gubu! Akazama mpaka kidevuni. Bi Mwanakheri akamvuta, wakarudi ukingoni wakitweta.

"Dua nimeomba, bibi. Mbona nimezama?"

"Baba yako alikuwa akiombea wapi, mwanangu?"

Saburi akawaza. Baba aliombea majini. Alikanyaga, akamtaja Mungu, akasimama mpaka unyayo uujue mchanga. Mchanga ukitulia, alisonga mbele. Ukikimbia, aligeukia kwingine.

"Nami nilidhani anaogopa," akasema, na machozi yakamtoka.

Akaingia tena. Chubwi! "Bismillahi." Mchanga umetulia. Chubwi! "Bismillahi." Umetulia. Katikati ya mto mchanga ukakimbia chini ya unyayo wake. Ng'ambo Mwanaidi akalia. Saburi alitamani kukimbia, lakini akasimama. Akageukia kushoto. Chubwi! "Bismillahi." Umetulia.

Wakafika. Kabla ya adhuhuri mtoto alizaliwa, naye mama yake akanywa uji. Wakamwita Mwinyikai.

Kesho yake watu walimkuta Saburi mtoni, upondo mkononi. Mmoja akamuuliza, kwa mzaha wa siku zote, "Haya, utashika kazi gani, mwenzetu?"

Saburi hakuinamisha kichwa. Akanyoosha mkono.

"Nishike hapa. Tunavuka."

Basi ndugu zangu, nawe usiyejua uendako, usingoje kuonyeshwa njia yote ungali ukingoni. Mtaje Mungu, kanyaga, simama usikilize, kanyaga tena. Na kama ulikuwa na baba mwema, kumbuka alivyokanyaga yeye.

Ngano yangu imefika ng'ambo, nami naishia hapo, miguu ingali na maji.