Kindi Aliyetia Chachu Ghala Zima

Hapo zamani za kale, kabla hamjazaliwa nyinyi mnaosukumana hapo kwenye mkeka, wanyama wa kilimani walikuwa na ghala moja la matufaha. Walichuma wote, wakaweka wote, ili kiangazi kikija kila nyumba ipate chakula. Ufunguo alishika Nyati. Kwa nini Nyati? Kwa sababu ana pembe! Msiniulize tena.

Na Nyati alikuwa na msifiaji wake, Fisi. Nyati akikohoa, Fisi husema, "Umekohoa vizuri, bosi!"

Jirani na ghala waliishi Bi Kindi na binti yake Njugu. Kiangazi kilichotangulia matufaha yaliota ukungu, na Nyati akasema, "Futeni tu, mle!" Njugu akafuta, akala. Lo! Alitapika siku tatu, mama yake analia hajui afanye nini. Sumu ya ukungu huzama ndani ya tunda, haitoki kwa kufuta na kitambaa. Bi Kindi akajiambia, safari hii mwanangu hali sumu, hata iweje.

Siku ya mgao ikafika. Nyati akajaa mlangoni.

"Matufaha mazima ni yangu na Fisi. Yenye michubuko gawaneni nyinyi wadogo."

"Lakini Mzee Nyati," akasema Bi Kindi, "wadogo tuko nyumba arobaini! Na yenye michubuko ndiyo yanayoanza kuota ukungu."

"Umemsikia, bosi? Anabishana!" Fisi akacheka, hihihihi!

"Shika adabu yako, Kindi!"

"Nimeshika, mzee."

Bi Kindi akainamisha kichwa, lakini mkia wake ulianza kucheza. Mkia wa Bi Kindi ukicheza vile, ujue kuna jambo.

Akaenda nyumbani kuchukua mtungi wa togwa. Togwa mnaijua, nyote mmeinywa juzi mkanimalizia. Chini ya mtungi hubaki mashapo, nasi huyaweka ya kuchachushia togwa nyingine. Mashapo hayo ndiyo chachu. Bi Kindi alikuwa ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona: mwaka ule wa ukungu, matufaha yaliyomwagikiwa togwa yake hayakuoza hata moja.

Basi akarudi, akakoroga chachu kwenye beseni la maji hapo hapo mlangoni pa ghala, akayachovya matufaha yenye michubuko, chubwi! chubwi! Fisi akapita, akanusa.

"We Kindi, unafanya nini hapo?"

"Nayatia chachu, Bwana Fisi."

Fisi aliposikia "chachu" akakumbuka maharage yake yaliyochacha juzi. Akatoka mbio.

"Bosi! Bosi! Kindi kayachachisha matufaha! Yamechacha!"

Nyati akaja anafoka, na kijiji kizima nyuma yake.

"Ni kweli yana chachu?"

"Kweli tupu, mzee wangu," akasema Bi Kindi kwa sauti ya unyonge. "Naogopa msije mkayala kwa bahati mbaya. Hebu tamka mbele ya watu, tunda lenye chachu liwe la nani."

Nyati akapiga kwato chini, pu!

"Naapa mbele ya wote! Tunda lolote la ghala hili lenye chachu si langu wala si la Fisi. Ni la Kindi! Na lisiingie mdomoni mwangu maisha yangu yote!"

"Lolote, mzee?"

"Lolote! We kiziwi?"

"Ahsante. Nimesikia, na wenzangu wamesikia."

Sasa, Nyati na Fisi walikuwa na desturi yao: wakishakula mchana, wanalala fofofo. Paa la ghala lilikuwa na tundu la kupitisha upepo. Bi Kindi akaingia, Njugu akaingia, panya wakapokezana vibuyu, pimbi wakashika mabeseni. Wale wakubwa wanakoroma, khoro, khoro, na hawa wanachovya, chubwi, chubwi! Siku tano mfululizo. Hawakubakisha tufaha hata moja.

Kiangazi kikaja, kikali kwelikweli. Nyati akafungua mlango, akashangaa. Matufaha yanang'aa, ukungu hakuna.

"Umeyatunza vizuri, bosi!" akasema Fisi.

Nyati akachagua moja kubwa, akafungua mdomo, aaa!

"Ngoja, mzee!" Bi Kindi akaruka mbele. "Linuse kwanza."

Nyati akanusa, fff. "Mbona linanukia togwa?"

"Lina chachu. Yote yana chachu. Nimeyatia mwenyewe."

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Sijaiba hata moja, mzee. Uliapa mwenyewe."

Kijiji kizima kikaitikia, "Tunda lolote la ghala hili lenye chachu!"

Na Fisi, kwa mazoea yake, akapaza sauti, "Uliapa vizuri, bosi!"

Wacha watu wacheke! Pimbi mmoja alidondoka kutoka juu ya jiwe kwa kucheka.

"Lakini yamechacha!" Nyati akang'ang'ana.

Njugu akauma tufaha, kacha! Maji matamu yakamchuruzika kidevuni.

"Hayajachacha," akasema Bi Kindi. "Ndani ya chachu kuna vijidudu vyema, vidogo hata havionekani. Vinawahi kwenye michubuko, vinakula vitamu vya pale. Ukungu ukija, unakuta nyumba ina wenyewe."

Akagawa matufaha sawasawa kwa kila nyumba. Kisha akamgeukia Nyati. "Futa kiapo chako, mzee, nawe nikupe."

"Nyati hafuti kauli!" Akatoka anameza mate, akaenda kutafuna majani, na majani ndiyo anayokula mpaka leo.

Njugu akala mawili, akalala, akaamka anacheza. Mama yake akamkumbatia, machozi ya furaha yakamtoka.

Haya wanangu, hadithi yangu nimeimaliza, togwa yangu iko wapi? Nanyi shikeni hili: neno usilolijua, uliza maana yake kabla hujaliapia.