Nyumba Saba za Mtaa wa Wafua Shaba

Zama za Sultani Mundhiri bin Ghalibu, mwenye kutawala mji wa Sumaila na visiwa vyake, alikuwako mfanyabiashara jina lake Haidari, na kazi yake ilikuwa kununua nyumba kuukuu za mawe na kuzitengeneza na kuziuza kwa matajiri. Katika Mtaa wa Wafua Shaba zilisimama nyumba saba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, boriti zimeliwa na mchwa na chokaa inabanduka, na katika ya saba ndimo alimozaliwa Haidari, akiishi na mdogo wake Raihani, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeposwa na mfua shaba wa mtaa uleule.

Ya kwanza aliinunua kwa Bi Tufaha, mwanamke wa makamo aliyezaliwa humo. Alipokuwa akibandua chokaa akaona pete ya shaba ndani ya ukuta, akaivaa, na vumbi likajikusanya likawa jini, kichwa chake kinagusa dari.

"Amri yako, ewe mwenye pete," jini akasema. "Mimi ni mtumwa wa kuta. Nyumba hii naweza kuiondolea uzee wake kabla ya adhuhuri."

"Iondolee," Haidari akasema.

Na kabla ya adhuhuri kuta zilikuwa nyeupe na boriti zimenyooka na nakshi za mlango ziko wazi kama zimechongwa siku ile. Haidari akaenda kwa furaha kumwita Bi Tufaha aje atazame, akamkuta kwa nduguye amekaa kizingitini, nywele nyeupe, kinywani hana jino, akiigeuza mikono yake na kuitazama.

Akarudi kwa jini. "Umemfanya nini yule mama?"

"Uzee haupotei, bwana wangu. Ukitoka nyumbani huenda kwa aliyezaliwa humo. Uliniamuru niuondoe, hukuniuliza naupeleka wapi."

Haidari akaivua pete, na siku tatu hakuigusa. Siku ya nne akaja tajiri akainunua nyumba ile kwa furaha kubwa, na ya tano Haidari akanunua ya pili. Alijiambia kwamba wauzaji ni watu wazima na uzee ungewafika tu. Hivyo akaendelea mpaka ya sita, na kila alipokutana na wale waliomuuzia, wakijikongoja njiani, alivuka upande wa pili.

Sultani akapata habari, akamwita barazani.

"Ewe Haidari," akasema, "kazi yako tumeiona ikatupendeza. Nyumba sita zile tumekwisha kuzichukua kwa wenyewe, na safu yote itakuwa kasri ya binti yetu Badriya, nawe utakuwa mumewe. Ila hatutaki kuona nyumba kuukuu kando ya hizo mpya."

"Nasikia na kutii, mawlana," Haidari akajibu, na akaenda moja kwa moja mpaka ua wa nyumba ya saba, akamwita jini.

"Waliozaliwa humu na wangali hai ni wawili," jini akasema, "wewe na mdogo wako. Mkiugawana uzee huu, mtazeeka nyote. Akiubeba mmoja, wa pili atabaki kama alivyo. Sema, bwana wangu."

Raihani akachungulia dirishani juu. "Kaka, unaongea na nani?"

"Na fundi."

"Mwambie asiingie chumbani kwangu. Nimetandaza nguo za harusi."

Haidari akainamisha uso, akasema kwa sauti ndogo, "Aubebe yeye."

Mfua shaba alipokuja kumuulizia mchumba wake aliambiwa amesafiri, akangoja mwaka mzima, kisha akakata tamaa. Na Haidari akaozwa kwa ngoma za siku saba, na bibi arusi alipoingia kasrini akamwona kikongwe ameketi mkekani katika chumba cha nyuma, akapiga magoti akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi," akasema, kisha akamgeukia mumewe. "Ni bibi mzaa mama au mzaa baba?"

"Mzaa baba," Haidari akajibu.

Raihani, ambaye masikio yake yalikuwa mazima bado, akamtazama kaka yake.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia bibi arusi. "Karibu nyumbani."

Wanaoisimulia habari hii husema Haidari aliishi miaka mingi katika mali na heshima, na kila alichokitaka alikipata. Basi atakaye funzo na achukue hili: aliyepata bila kutoa, yuko mtu aliyetoa badala yake, na mara nyingi anamjua kwa jina.