Profesa Aliyepima Kisima Saa Nne

Akina mama wenzangu, nitasema haraka, maana huyu mgongoni akiamka somo limeisha.

Kulikuwa na profesa mmoja, mhandisi, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Alipokuwa bado kijana alifika kwenye kijiji kimoja kikavu, akateremsha utepe wa kupimia kisimani, utepe ukarudi na tope. Akaandika kwenye ramani yake: hapa maji hayatoshi. Ramani ile ndiyo iliyomjengea jina. Ikafundishwa chuoni, akawa daktari, akawa profesa, na kila mradi wa maji ulioangalia ramani ile ukakiruka kile kijiji. Miaka ishirini na tisa, jamani! Kisima kimoja na foleni.

Sasa kijijini pale akazaliwa binti, akasoma, akafika chuo kile kile, akaandika utafiti kwamba kwetu maji yapo. Na mwenyekiti wa jopo la kumtahini ni nani? Yule yule profesa! Ungekuwa wewe ungepata usingizi? Binti akaingia, kichanga chake amekiacha nje kwa mama yake mzazi, anakisikia kinalia, na anajua akifeli shahada imekwenda, na kisima kirefu cha kijiji kimekwenda, maana wafadhili wanasubiri neno la jopo.

Profesa akasema, "Binti, mimi nilikuta tope. Wewe umekuta mita tatu za maji. Nani kati yetu anasema uongo?"

Binti akafungua daftari lake, akalifunga tena.

"Sema, mwanangu, hatukuli."

"Profesa, samahani... ulipima saa ngapi?"

Wajumbe wakaangaliana. Mwanafunzi anamtahini profesa!

Profesa akavua miwani. "Saa nne. Tulisimama njiani kunywa chai."

"Mimi nilipima saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya ndoo ya kwanza. Kwetu tunachota tangu kunapambazuka, Profesa. Saa nne kaya tisini zimeshapita, hapo kisima lazima kikuonyeshe tope. Mama yangu anasema alikuambia urudi kesho mapema, kisima kimechoka, ukasema huna nafasi."

Jina lile lote, ramani ile, miaka ile. Angefanya nini? Si angemfelisha tu, nani angejua?

Profesa akainuka, akafungua mlango. Nje bibi anambembeleza mjukuu.

"Mama, ni wewe uliyeniambia nirudi kesho?"

"Ni mimi."

"Basi nimerudi."

Mama akamtazama juu hadi chini. "Karibu. Ila kesho yako ndefu, baba!"

Wakacheka wote, profesa akacheka mpaka akajifuta macho. Akarudi mezani, akaandika "amefaulu", kisha akaomba ile ramani yake, akayakata kwa mstari yale maneno "maji hayatoshi" kwa mkono wake mwenyewe. Wanasema hajawahi kuonekana na furaha kama siku ile, hata siku aliyopewa uprofesa.

Haya, na sisi? Sisi tunapimana saa nne! Wifi anakuja jioni, anakukuta umeshachotwa na mtoto, umechotwa na jiko, umechotwa na shamba, unamjibu neno moja kavu, anaondoka anasema huyu mwanamke hana upendo. Ameshachora ramani! Na wewe umemchorea mwenzio ngapi? Yule mliyeacha kumwalika kwa sababu siku moja alinuna?

Mimi kuna siku nashika utepe najipima mwenyewe, nakuta tope, naogopa, nasema sifai kuwa mama wa mtu. Lakini wapendwa, Mungu alinipima saa ngapi? Alikuwepo kabla ya ndoo ya kwanza. Anajua kilichomo chini.

Basi wiki hii, kabla hujasema fulani amekauka, jiulize umefika saa ngapi. Ukiona umechelewa, usiandike kitu. Rudi kesho asubuhi.