Kwapa la Fundi Shaame

"Paukwa."

"Pakawa!"

"Hamjakaa vizuri. Wewe uliyenipa kisogo, geuka. Paukwa."

"Pakawa!"

Zamani sana, nguo zilipokuwa bado zinasema na watu, palikuwa na fundi jina lake Shaame. Shaame alikuwa hodari wa kusema. Akikaa barazani huwaeleza watu anavyokata kanzu, mpaka wakaiona kanzu hewani. Na hiyo ya hewani ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizoshona.

Shaame akamposa Mwanakheri, binti wa Bi Mize. Mji ule ulikuwa na desturi yake: fundi akioa, kanzu ya harusi huishona mwenyewe, na wakwe huikagua. Ikimshinda, anarudi kwao bila mke. Na Shaame alimpenda Mwanakheri kweli, tusimwonee. Ni jambo pekee ambalo hakujigamba nalo.

Bi Mize akamletea bafta nyeupe, pande zima. Shaame akaitandika mkekani, akashika mkasi. Bafta ikasema:

"Fundi, nipime. Fundi, nikunje. Kisha ndipo unikate."

"Mimi nifundishwe kazi na nguo?" Shaame akacheka.

Akaliweka umbo la kifua katikati kabisa ya nguo, kama mtu mmoja aliyejilaza katikati ya kitanda cha watu watano. Akakata mbele. Akakata nyuma. Akatafuta pa kukata mikono.

"Hakuna?"

Hakuna, mwanangu. Palibaki kona huku na kona kule, na mkono wa mtu hauwi kona. Shaame akakasirika, akatupa vyote dirishani. Chini ya dirisha aliishi Mama Panya. Akaviokota akasema, "Ahsante, fundi. Nina mtoto wa kumvisha."

Mama yake Shaame akamwonea huruma, akamtolea shuka lake jipya. Shuka likasema:

"Fundi, nipime. Fundi, nikunje. Kisha ndipo unikate."

"Nimekata nguo tangu hujawa pamba," akasema Shaame.

Shingo ya kanzu, watoto, ni tundu dogo lenye mpasuo, kichwa kipite basi. Shaame akafudikiza sahani ya kulia wali katikati ya shuka, akauzungusha mkasi. Akashona, akavaa. Kanzu ikapita kichwani. Ikapita mabegani. Ikapita kiunoni. Ikafika miguuni, na Shaame amesimama katikati yake kama mchi ndani ya kinu.

"Angeivaa kama shuka tu."

Ungekuwa wewe ndiye fundi, tungeokoa mengi. Shaame akaitupa dirishani.

"Ahsante, fundi," akasema Mama Panya. "Nina watoto wa kuwavisha."

Siku zikaenda, ikabaki moja. Shaame akabadilisha mbuzi wake kwa bafta nyingine. Ikasema:

"Fundi, nipime. Fundi, nikunje. Niachie vidole viwili vya mshono, na kikwapa usinisahau. Kisha ndipo unikate."

Kikwapa ni kijipande cha mraba, kama kiganja chako. Hutiwa kwapani ili mtu aweze kuinua mkono.

Safari hii Shaame alipima. Alipima kifua, akakata sawasawa na kifua. Mshono nao utakula wapi? Hakuuliza. "Na kikwapa ni mambo ya wanafunzi," akasema, akavitupa vilivyobaki.

"Ahsante, fundi. Sasa nimewavisha wote."

Siku ya harusi Shaame akaja kama ubao, mikono imemganda ubavuni. Bi Mize akamzunguka, akamtazama.

"Mbona hupumui, baba?"

"Ni adabu, mama."

Kadhi akasema, "Nipe mkono." Shaame akautoa. Kanzu ikapasuka rraaa, kutoka kwapani hadi mbavuni.

Bi Mize akasema, "Kunjeni mikeka."

Lakini nyuma ya pazia Mwanakheri akasema, "Mama, ngoja. Ni kwapa moja tu. Kama ni fundi, na alishone."

Shaame akakimbia nyumbani kutafuta kipande. Hakubakiwa na hata uzi mweupe. Akapiga magoti chini ya dirisha. Watoto wa Mama Panya walikuwa wamejipanga kama wanaokwenda chuoni, kila mmoja na kanzu yake, kila kanzu na vikwapa vyake viwili.

"Mama Panya, naomba kipande."

"Vipande sina, fundi. Nina nguo za watoto. Na mimi nilidhani wewe huna shida."

"Nina shida."

"Nguo zilikuwa zikikwambiaje kila siku? Nataka nisikie kwako."

Shaame akatazama vidole vyake vya miguu. "Nipime. Nikunje. Kisha unikate."

"Kumbe ulikuwa unasikia." Akamvua kanzu kitindamimba wake.

"Mama, na mimi nitakwenda harusini na nini?"

"Utakaa nyumbani, mwanangu. Bwana harusi hana nguo."

Mama Panya akapima, akakunja, akakata mraba mmoja na uzi wa kuushonea. Hakikubaki hata cha kupangusia pua. Shaame akashona huku anaambiwa, "Taratibu. Si barazani hapa." Akarudi mbio, Bi Mize akakagua, akanusa kidogo, akatandika mikeka upya. Wakaoana.

Tangu hapo, Shaame akianza kujigamba barazani, Mwanakheri humwita kwa upole kutoka ndani:

"Mume wangu, hebu inua mkono."

Naye hunyamaza.

Basi, wanangu, nguo ukipewa, ipime na uikunje kabla ya mkasi. Na kijipande kidogo kiweke. Huwezi kujua ni mahali gani pako patakapopasuka mbele za watu. Nimefika kwenye pindo la hadithi yangu, na uzi nimeukata. Nendeni mkanawe, chakula tayari.