Mama Aliyepita Njia ya Uani

Wapendwa, Biblia ziwekeni magotini kwanza, tutazifungua baada ya muda si mrefu. Kabla ya neno nina habari ya mama mmoja. Jina lake silitaji, kwa sababu jina lolote nitakalolitaja hapa lina mwenyewe, na huyo mwenyewe atanuna mpaka Pasaka. Ni mama wa mfano tu. Na mtaa wake ni wa mfano, kwa hiyo akina mama wa huko nyuma acheni kutazamana.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye kibaraza alichopanga mjini. Mume wake alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala wote, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Watoto watatu, wote wanasoma. Nyumba nzima ilikula kwa cherehani moja. Kila mwezi mama huyu alikuwa na vita moja tu: chakula kifike mwisho wa mwezi. Kuna watu hapa ndani vita hiyo mnaijua, sina haja ya kuwaeleza.

Sasa, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, pale kwenye kona, kulikuwa na duka la mzee mmoja wa mtaani. Duka la kawaida, lenye wavu mbele na mzani kwenye meza. Unataka mafuta, unapimiwa kikombe. Unataka sukari, unapewa robo kwenye karatasi. Mama alinunua hapo miaka mingi. Halafu kule barabara kuu likafunguliwa Duka Kubwa. Mnalijua la aina hiyo. Limejaa taa, lina toroli la kusukuma, na kila rafu ina karatasi nyekundu imeandikwa PUNGUZO. Mama akaenda siku moja kutazama tu, akarudi na unga, mafuta ya dumu na sabuni za mche, na chenji ikabaki. Tangu siku hiyo mioyo yao ikaungana, yeye na Duka Kubwa.

Ngoja niseme hapa, msije mkanielewa vibaya. Kutafuta bei nafuu si dhambi. Mungu hajawahi kumhukumu mtu kwa sababu ya unga wa bei rahisi, na mimi mwenyewe mke wangu akiniona nimenunua kitu bila kuuliza bei mara mbili hunipokea kwa maneno. Mama hakukosea kwenda Duka Kubwa. Kosa lilikuja wakati wa kurudi nyumbani.

Kwa sababu ili afike nyumbani ilimbidi apite mbele ya lile duka la mzee, na mifuko mkononi. Mifuko yenyewe ina jina la Duka Kubwa kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza mzee akamwambia, "Pole na mizigo, mama." Basi. Pole na mizigo. Hakusema zaidi. Lakini mama alilisikia neno lile likimchoma. Akajisemea moyoni, amenisema huyu. Kesho yake akapita haraka. Wiki iliyofuata akagundua kwamba kuna njia ya uani.

Njia ya uani, wapendwa! Ilipita nyuma ya mabafu, ikakatiza kwenye banda la nguruwe la jirani, ikapita chini ya kamba za nguo mpaka mlango wake wa jikoni. Mama mzima, mke wa mtu, fundi anayeheshimika mjini, anainama chini ya mashuka ya watu amekumbatia dumu la mafuta asionekane. Mnacheka. Chekeni, lakini mnaijua njia hiyo. Mwanzoni alipita huko jioni tu, akiwa na mifuko. Baadaye ikawa hata asubuhi, mikono mitupu, kwa sababu ukishamkwepa mtu wiki mbili, wiki ya tatu hujui utamsalimia kwa uso gani. Ikafika miaka mitatu hajakanyaga mbele ya duka lile.

Siku moja akafika Duka Kubwa akakuta mlango umefungwa kwa mnyororo. Karatasi imebandikwa: wamefunga, wanawashukuru wateja wao. Watu wamesimama pale wanasoma mara mbilimbili, utafikiri kuna aya nyingine imefichwa. Mama naye akasoma, akakaa kwenye ukingo wa barabara na mfuko wake mtupu. Alihisi kama amefiwa.

Kuanzia hapo akaanza kuhangaika. Alienda soko la jumla, mwisho wa mji. Bei ni nzuri kweli, lakini wanauza kwa magunia, na yeye nguvu ya gunia hana, halafu nauli ya kwenda na kurudi ilikula kile alichookoa. Akasikia kuna mnada Jumatano, mafuta ni rahisi. Akafunga cherehani akaenda, na mteja aliyekuja siku hiyo akampelekea kitambaa fundi mwingine. Akaelekezwa duka la kata ya pili, unga wa bei ya kutupa. Alipoufungua nyumbani akajua kwa nini walikuwa wanautupa, maana unga ulikuwa unatembea wenyewe. Akachekecha, akapika, watoto wakala.

Mwezi wa kwanza chakula kiliisha tarehe ishirini na nne. Mwezi wa pili, tarehe ishirini na moja. Mama akaanza ule ugonjwa wa akina mama wengi. Akishapakua anasema, "Kuleni, mimi nimekula kazini." Hakuna chakula kazini, wapendwa. Kazini kuna nyuzi na vifungo.

Mume wake pale kitandani mdomo ulikuwa mzito, lakini macho yalikuwa mazima. Jioni moja akamwambia, "Kaa."

Mama akakaa.

"Hujala."

"Nimekula, baba."

"Hujala." Akanyoosha mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, akaonyesha mlango wa mbele. "Hapo. Kwa mzee."

"Hapo siwezi, baba watoto."

"Bei?"

Mama akatazama chini, akachezea ncha ya kanga. Ndipo akasema, "Bei siijui. Sijaiuliza miaka mitatu."

"Basi nini?"

"Nitamwambia nini?"

Mume akafikiri kidogo. Maneno yake yalikuwa machache, kwa hiyo aliyachagua. Akasema, "Shikamoo."

Kesho yake mchana, mama akatoka kwa mlango wa mbele. Hatua ishirini zile, wapendwa, alizihesabu. Alijiandaa kusemwa. Alikuwa ameshajibu moyoni kila neno ambalo mzee angemtupia, na mengine aliyajibu kwa ukali. Akafika kwenye wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Hayo tu. Hakumwuliza alikuwa wapi. Mama majibu yake yote yakakosa kazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Unga unauzaje siku hizi?" Mzee akamtajia. Mama akafikiri amesikia vibaya, akauliza tena, akatajiwa vilevile. Ilikuwa chini ya bei ya Duka Kubwa.

"Umeshusha lini?"

"Huu ni mwaka wa pili sasa," mzee akasema. "Wateja waliponikimbia nilitaka kufunga. Wakaja akina mama saba wa mtaa huu, wakasema nisifunge, tuungane. Kila mwisho wa mwezi tunachanga pamoja, nakodi guta, lile la magurudumu matatu, nakwenda mwenyewe kwenye kinu cha unga na maghala ya jumla. Viroba vya unga, dumu kubwa la mafuta, sukari. Jumamosi tunagawana hapahapa."

Mwaka wa pili! Yaani hata wakati ule anainama chini ya mashuka ya watu, akijiona ameokoa, alikuwa analipa zaidi. Bei nafuu kuliko zote ilikuwa imekaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

Mama akasema, na uchungu ulisikika, "Mbona hamkuniambia? Mwaka wa pili, mzee, na mnajua hali yangu."

Mzee akamtazama, hakukasirika. "Tungekuambia wapi, mwanangu? Mambo ya mtaa huu yanaongelewa hapa, na wewe hupiti hapa."

Halafu akageuka akaonyesha kwenye kona, nyuma ya mzani. Palikuwa na kiroba kimoja cha unga kimesimama peke yake. "Kinuni bei ya jumla inaanzia viroba vinane. Sisi tuko kaya saba. Kile cha nane wale akina mama wanakichangia ili tusiikose bei. Kinakaa hapo, nakipima kidogokidogo, unga unaobaki unaingia wadudu, tunaumwaga. Kila mwezi tunasema, tungempata mmoja tu."

Mama akashika wavu kwa mikono miwili. Alidhani kujificha kwake kunamuumiza yeye peke yake, kumbe kuna wanawake saba walikuwa wanalipia nafasi yake iliyo wazi.

"Ulikuwa hunioni nikipita kule nyuma?" akauliza.

"Nilikuwa nakusikia. Nguruwe wakipiga kelele najua ni wewe unarudi. Nilikuwa nageukia ukutani, nisije nikakuaibisha."

Mama akalia palepale barabarani, mchana, watu wakipita. Mzee akafungua kimlango cha pembeni akamtolea kigoda. Akamwambia, "Jumamosi njoo na ndoo yenye mfuniko."

Sasa, wapendwa, nani mwenye kosa hapa? Mama? Ndiyo. Aibu yake ilimfanya azunguke mji mzima akitafuta kitu kilichokuwa mlangoni. Lakini msiwaache wale wengine. Wale saba walijua kwamba jirani yao ana mgonjwa ndani na cherehani moja. Walimhitaji, naye aliwahitaji. Mlango wake wa jikoni walikuwa wanaufahamu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kubisha hodi. Walisema, ana Duka Kubwa lake, atatuona washamba. Na yule mzee, mtu mwema kabisa, aligeukia ukutani. Miaka mitatu ya kugeukia ukutani! Tunauita ustaarabu. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu akijificha, msaidie kujificha. Kuna siku huo ni wema. Lakini kuna nyumba mama amelala njaa kwa sababu ya wema huo, na mimi ninauogopa.

Sisi tuko hivyo. Mtu akikwaruzana na mwenzake kwenye kwaya, anahamia kwaya ya mtaa wa pili, anapanda gari kila Jumapili kwenda kuimba na watu asiowajua. Mtu amegombana na dada yake kuhusu shamba la marehemu baba, anatafuta ushauri kwa mawakili, kwa marafiki, kwa redio, kila mahali isipokuwa kwa dada yake. Tunatafuta amani ya bei rahisi huko mbali. Tunarudi na ile yenye wadudu. Na Mungu, ambaye neema yake hatuilipii, tunamzunguka vilevile, kwa sababu tulimkwepa wiki mbili na sasa hatujui tumsalimie kwa uso gani. Kila siku iko sehemu yetu pale, imewekwa, haina mtu.

Ninawaona wengine mnatazamana, mnatafuta nimemlenga nani. Msihangaike. Nimejilenga mimi.

Katika usharika huu yuko mzee mmoja wa kanisa. Mwaka jana kwenye kikao cha ujenzi nilimjibu neno mbele ya watu, neno ambalo mchungaji hapaswi kulisema. Nilijua palepale kwamba nimekosea. Tangu siku ile, nikienda kutembelea wagonjwa upande wa kwake, mimi mchungaji wenu ninazungukia kwenye mashine ya kusaga. Mke wangu aliniuliza kwa nini viatu vyangu siku hizi vina pumba. Nilimdanganya. Miezi kumi na moja, wapendwa, na mimi ndiye ninayewahubiria.

Mzee wangu, uko hapa leo. Nimekuona ulipoingia, nikageukia ukutani. Tukishasoma neno, nikimaliza kutoa baraka, sitakwenda mlangoni kushika watu mikono. Nitashuka hapa nije hapo ulipoketi, mbele ya watu wote, kama nilivyokukosea mbele ya watu. Nakuomba tu usitoke haraka.