Kikopo cha Mtoto Mzima

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Nina habari za mama mmoja na vikopo viwili.

Mama huyu alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa na ndama. Ndama alikuwa amefiwa na mama yake, na kwa kuhofia fisi akawa analazwa ndani, hatua tatu kutoka mkeka wa mtoto. Jumatatu ndama akaanza kuhara. Jumatano mtoto akaanza kuhara. Ijumaa akapita mtaalamu wa maabara, nyumba kwa nyumba, na kisanduku cha barafu begani. Mtoto alikuwa amelala ndani, mtaalamu hakumwona, aliambiwa tu habari zake. Akampa mama vikopo viwili vyenye vifuniko.

"Hiki cha choo cha mtoto, hiki cha kinyesi cha ndama. Nitavipitia kesho asubuhi, mapema. Jua likivipata vinaharibika."

Mama akavigeuza mkononi. "Daktari, wageni wa hapa huomba maji, huomba maziwa. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba hiki."

Mnacheka. Hata mtaalamu alicheka. Kisha akasema, "Mama, huenda ni bakteria mmoja anayewatafuna wote wawili. Nikimjua, nitaijua dawa inayomweza. Nisipomjua, natupa jiwe gizani."

Asubuhi mama akamkalisha mtoto. Akatazama. Maji, makamasi, na uzi mwembamba wa damu. Akaogopa, wala si kwa damu peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama kijijini katika mafunzo ya kunawa mikono. Yeye ndiye aliyewasema wenzake kwa kulaza mifugo ndani. Kikopo kile kikifunguliwa, watasemaje?

Wapendwa, aliogopa mdudu, au aliogopa majirani?

Akamwita binti yake mkubwa, wa miaka minane, mzima, mwenye mashavu. Kikopo cha mtoto kikajazwa kutoka kwa huyo. Akavuka ua, akachota cha ndama wa jirani, kizito, kizuri, kama kinyesi kinaweza kuwa kizuri. Akafunga vifuniko barabara. Akanawa mikono. Akanawa kwa sabuni.

Mtaalamu akapita, akavichukua. Siku tatu mama akangoja. Siku tatu mtoto akanywa, akatoa, akanywa, akatoa. Macho yakaingia ndani. Kilio kikawa chembamba, kama cha paka aliye mbali, na hakikuwa na machozi tena. Siku ya nne mtaalamu akarudi na karatasi.

"Hongera, mama. Tumepima vyote viwili, hatukuona mdudu wa kuharisha. Mtoto mzima. Ndama mzima."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa karatasi nzuri, yenye muhuri. Alipoinama kushukuru, kitenge kikalegea mgongoni, na kichwa kidogo kikaanguka upande.

Mtaalamu akakitazama kile kichwa. Kisha akauliza, "Na huyu uliyembeba ni nani?"

Ndugu zangu, sisi nasi tumembeba nani? Kila Jumapili tunakuja hapa na vikopo vyetu vimefungwa vizuri. Tunaungama makosa madogo, yasiyonuka. Unasimama kuombewa, unasema, "Niombeeni safari yangu ya kesho," na nyumbani hujasemezana na mkeo tangu mwezi uliopita. Tunaomba kwa mdomo wa yule mtu tuliyekuwa zamani, tulipokuwa wazima. Watu wanaitikia amina, nasi tunarudi nyumbani na jibu la kweli, la mtu mwingine. Na yule anayekufa tunarudi naye mgongoni, tumemfunika.

Je, daktari alishindwa? Hakushindwa. Alipima alichopewa.

Najua mnataka kusikia kama mtoto alipona. Nitawaambia alichosema mama, basi. Hakujitetea. Alikaa chini mlangoni, akamfungua mtoto, akamlaza mapajani, mahali pa wazi, majirani wakiona. Akasema, "Ndiye huyu. Naomba kikopo kingine."

Na kilikuwepo. Mtaalamu alikuwa nacho mfukoni.

Kipo hata sasa, ndugu zangu. Lakini tazameni dirishani. Jua linapanda.